Akiolojia na Miradi Yetu (4): Mavi ya Chuma Kwenye Njia ya Bomba

Juma lililopita tuliishia kwenye Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, inayolinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Sitairudia. Habari za bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, zimejaa tena magazetini: urefu wa kilomita 1,443, fidia, ajira. Wanaakiolojia wanaoitangulia mitambo hawatajwi. Leo nawataja mimi, na nitapitia Kagera, mkoa ambao bomba linaingilia nchini. Wanaonifahamu wanajua kwamba Kagera sijawahi kuizungumzia kwa ufupi.

Mwanaakiolojia wa mradi hutembea kwenye ukanda wa mita 30, macho ardhini, kabla greda halijafika. Huchimba mashimo ya majaribio na kuchekecha udongo. Kigae chenye kibonyeo kitakoni humwambia kuwa yuko kwa wafinyanzi wa Urewe, wakulima wa mwanzo na wafua chuma wa pande za Ziwa Viktoria. Bonge zito, jeusi, lenye matundu, ambalo kibarua angelitupa kando, ni mavi ya chuma, yaani masalia ya kuyeyusha chuma. Ligeuze: huenda ukaona alama za matete zilizoganda ndani yake tangu siku lilipoyeyuka.

Matete hayo yana kisa. Mwaka 1969 Peter Schmidt, mwanaakiolojia Mmarekani, alifika Buhaya, nchi ya Wahaya huko Kagera, na, kabla ya kushika sururu, akaketi na wazee. Wakamsimulia habari za Mukama, yaani mfalme, Rugomora Mahe, aliyetaka kujenga mnara wa chuma ufike mbinguni, na wakamwonyesha mahali pa kazi hiyo, Katuruka. Alipochimba hapo, akakuta mabaki ya ufuaji chuma wa zaidi ya miaka 2,000, mkongwe kuliko Mukama mwenyewe kwa karne nyingi. Nani alimpeleka? Si ramani, ni masimulizi.

Baadaye wazee waliowahi kuyeyusha chuma ujanani wakakubali kujenga tanuri upya. Walitumia udongo wa kichuguu, wakachoma matete ya bondeni shimoni, wakaingiza mirija minane ya udongo ndani kabisa ya tanuri, nje mivukuto ya ngozi ikipuliza. Kwa maelezo ya Schmidt, hewa ilipata moto ndani ya mirija kabla ya kuufikia mkaa, na joto likapanda mno. Mwaka 1978 yeye na Donald Avery, mtaalamu wa metali, wakachapisha matokeo katika jarida la Science. Wanazuoni wengine wamebishana nao kuhusu mirija hiyo, na wana haki. Lakini mjadala wenyewe ni wa wahandisi juu ya kazi ya wahandisi, na bado kijana wetu humaliza shule akiamini kuwa ufundi uliletwa na meli.

Nafasi inakwisha, na bomba bado. Kwa kifupi: mradi una ratiba na mkandarasi ana haraka, naye mwanaakiolojia hupewa muda mfupi mbele ya mitambo. Bomba la Chad hadi Kribi, Kameruni, lililoanza kusafirisha mafuta 2003, lilithibitisha kuwa kazi hii yawezekana: wanaakiolojia waliandika maeneo ya kale kwa mamia, na ripoti ikawa kitabu.

Hapo ndipo penye deni letu. Ripoti nyingi za miradi huishia kabatini, kwa lugha ambayo mwenye shamba haisomi. Mwanaakiolojia asiyeketi na mzee wa kijiji kabla ya kuchimba amefanya nusu ya kazi, na asiyerudi kumweleza alichokipata ameacha nusu ya pili. Kila ripoti ya kitaalamu iwe na muhtasari wa Kiswahili, ufike katika shule za vijiji vyote ilimopita njia ya bomba. Gharama yake ni ndogo mno mbele ya gharama ya bomba hilo.

Juma lijalo: vigae vya pwani na kinachosubiri chini ya Tanga.