Mbuzi ya Nazi na Jicho la Mgeni

Mgeni anayefika Kimbiji, pwani ya kusini ya Dar es Salaam, husimama mbele ya mbuzi ya kukunia nazi huku mwenyeji akiipita bila kuitazama. Ni vibao viwili vilivyopishana, hukunjwa na kukunjuliwa kama marufaa ya msahafu, na mbele umetokeza ulimi wa chuma wenye meno. Mgeni husifu umbo, na ana haki. Lakini umbo lile limetokana na kazi. Kibao kiko chini ili mkunaji akae, nazi imkae vizuri mikononi. Meno yamepinda yapate kufuata tumbo la kifuu. Mkono uliozoea huacha pale weupe unapokwisha, maana ukikuna hadi ile ngozi ya kahawia tui hubadilika rangi. Nazi iliyokunwa huingia kwenye kifumbu cha ukili, ikakamuliwa: tui la kwanza, zito, huwekwa kando litiwe mwishoni, la pili likatangulia kuivisha mchuzi. Ni elimu nzima ya jiko la pwani, na bibi humrithisha mjukuu bila daftari.

Ndiyo maana naona jicho la mgeni lina faida kwa mwenyeji, mradi liulize chombo kinafanya nini kabla ya kuuliza bei. Wapo watakaosema jicho hilo ni la dharau, kwamba linafurahia shida za wengine na kuziita uzuri. Hoja ina uzito, hasa pale mgeni anapotoka kwa watawala. Yanagi Sōetsu, Mjapani, alifika Korea mwaka 1916, nchi ikiwa chini ya utawala wa Japani, akavutwa na vyombo vya udongo vya watu wa kawaida. Mwaka 1924 alianzisha Seoul makumbusho ya sanaa za Wakorea. Mwaka 1936 yakafunguliwa Tokyo makumbusho mengine, safari hii ya kazi za mikono za mafundi wa kwao wasiojulikana majina. Ugenini ndiko alikojifunza kuviona vya nyumbani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wazee. Kwa Yanagi, hata mgeni alipona.

Pingamizi zito zaidi ni la mwanamke mwenye mbuzi yenyewe. Kukuna ni kazi ya mgongo na mabega, na mwenye mashine ya kusagia nazi hana sababu ya kurudi kwenye kibao ili kumfurahisha mpita njia. Nakubaliana naye kabisa. Ninachotetea ni ujuzi, nao waweza kuhitajika tena bila kutarajiwa. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, kikapu cha ukili hakikuhitaji kubuniwa upya, kwa kuwa wasukaji walikuwa wangali wapo. Shule za Kimbiji zingeweza kuwatuma watoto kwa bibi zao na daftari, wachore mbuzi, kifumbu, kata na kawa, waandike jina la kila sehemu na kazi yake, na mahali hasa mkono unapoacha kukuna.