Gari la Kikundi Linaposaga: Ni Klachi au Giaboksi?

Vikundi vingi tunavyovitembelea hapa Trans Nzoia na kule Bungoma vimeingia katika kazi ya usafirishaji. Kimoja kina pikapu ya kukusanya maziwa asubuhi, kingine kina kilori cha kuleta mahindi Kitale wakati wa mavuno, na wengine wanabeba watu na mizigo kwenda soko la Chwele. Gari ni mradi mzuri, lakini ni mradi unaokula. Mkulima akiona ng'ombe wake hali, anajua aanze kuangalia wapi. Gari likianza kulia, wanakikundi hutazamana tu, na anayeamua ni fundi peke yake.

Msimu mmoja wa mavuno tulikuta kikundi upande wa Kiminini wamekaa chini ya mti, pikapu imesimama kando na magunia bado yako nyumbani. Kila dereva alipojaribu kuingiza gia ya kwanza au rivasi, chuma kililia krrr, hata watoto wakakimbia. Fundi alikuwa ameshasema, "Mama, hii giaboksi imekwisha. Tafuteni ingine." Mwekahazina alikuwa ameleta kitabu cha akiba, na hata bei ya giaboksi ya mtumba ilitosha kumaliza karibu yote waliyoweka mwaka mzima. Ndipo mzee mmoja, ambaye zamani aliendesha lori kwenye mashamba makubwa, akauliza: "Kijana, hiyo kelele huja lini? Gari likisimama au likienda? Ukikanyaga klachi au ukiachilia?" Dereva hakuwa na jibu.

Hilo swali la mzee ndilo tunalotaka kila kikundi kijifunze kuuliza.

Kwanza tuelewe kinachozunguka. Injini ikiwaka haisimami kuzunguka, na magurudumu hayawezi kuzunguka nayo wakati wote. Katikati kuna klachi. Hiyo ni diski iliyobanwa kati ya gurudumu zito la injini, ambalo mafundi huliita flaiwili, na sahani ya chuma iitwayo presha pleti. Ukikanyaga pedali, beringi ya klachi husukuma vidole vya presha pleti, diski inaachiliwa, na nguvu ya injini haifiki tena kwenye giaboksi. Ukiachilia pedali, diski inabanwa tena na shafti ya kuingilia giaboksi inazunguka pamoja na injini. Ndani ya giaboksi, hiyo shafti huzungusha shafti nyingine iliyo chini yake, nayo ndiyo inayozungusha meno ya gia mbalimbali. Kwa hiyo pedali ya klachi ni kama swichi: inasimamisha sehemu fulani na kuanzisha nyingine. Anayesikiliza vizuri huku pedali ikipanda na kushuka anaweza kujua kelele inatoka upande gani kabla nati moja haijafunguliwa.

Jaribuni hivi. Gari liwe mahali tambarare, handbreki imevutwa, mawe yamewekwa magurudumuni, gia imetolewa kabisa. Asisimame mtu mbele wala nyuma. Washeni injini ingurume polepole bila kukanyaga mafuta. Dereva abaki kwenye pedali, na mwingine asimame ubavuni asikilize. Redio izimwe, na mabishano yangoje.

Kama kelele ipo wakati mguu hauko kwenye pedali, kisha inanyamaza pedali ikikanyagwa hadi chini, shuku giaboksi. Kwa nini? Kwa sababu ukikanyaga klachi, shafti ya giaboksi inasimama, na kilichokuwa kinalia kinasimama nayo. Mara nyingi ni beringi ya hiyo shafti, au oili ya giaboksi imepungua. Lakini msikimbilie kutoa pesa. Pikapu nyingi za dizeli zilizozeeka hugongagonga meno kidogo zikiwa zimesimama hivyo, na zinaendelea kufanya kazi miaka. Mvumo unaoongezeka wiki kwa wiki, unaosikika kama kinu cha posho kilichoishiwa mahindi, huo ndio wa kuogopa.

Kinyume chake, kama gari limenyamaza na kelele inaanza mguu unapogusa pedali, hiyo kwa kawaida ni beringi ya klachi. Huanza kwa mluzi mwembamba, baadaye inakwaruza. Hapa giaboksi yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa, ingawa lazima ishushwe ili beringi ifikiwe. Kwa kuwa kazi kubwa ni hiyo ya kushusha na kupandisha, angalieni pia diski na presha pleti siku hiyo hiyo. Vikiwa vimelika, badilisheni vyote kwa pamoja. Tumeona kikundi kikinunua beringi peke yake kwa kubana matumizi, na baada ya miezi michache kikalipa tena gharama ya kushusha kwa sababu diski imeisha.

Sasa turudi kwa ile pikapu ya Kiminini. Yenyewe ilikuwa kimya ikisimama, pedali juu au chini. Ilisaga tu wakati wa kuingiza gia. Mzee akamwambia dereva akanyage klachi hadi chini, ahesabu polepole mpaka kumi, halafu ndipo aingize rivasi. Ikasaga vilevile. Klachi ikiachilia sawasawa, muda huo unatosha shafti isimame na rivasi iingie bila makelele. Ikisaga hata baada ya kungoja, maana yake shafti bado inazungushwa: klachi haiachilii yote. Wakafungua boneti na kutazama chupa ndogo ya oili ya klachi. Ilikuwa karibu kukauka. Chini, kando ya giaboksi, ile silinda ndogo inayosukuma mkono wa klachi ilikuwa imelowa kwa kuvuja. Raba za silinda zikabadilishwa, oili ikajazwa, hewa ikatolewa, na jioni hiyo magunia yakapakiwa. Giaboksi haikuguswa!

Magari mengine hayatumii oili bali kebo. Kebo ikivutika au kuanza kukatika nyuzi, dalili ni hiyo hiyo, na mara nyingine kurekebisha nati yake tu kunatosha. Kwenye mfumo wa oili tumieni ile ya aina ya breki iliyoandikwa kwenye kifuniko au kwenye kitabu cha gari, si oili ya injini, kwa sababu oili ya injini huharibu raba. Na isimwagike kwenye rangi ya gari, itaibandua.

Ikiwa gia moja tu ndiyo inayosaga, kwa mfano ya pili, na nyingine zinaingia laini, basi klachi haina kosa. Ndani ya giaboksi kuna pete za shaba zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Teknolojia hiyo ilianza kuuzwa na Cadillac huko Marekani mwaka 1928. Kabla ya hapo madereva wengi walilazimika kukanyaga klachi mara mbili kwa kila gia, kama wazee wa malori walivyofanya hapa kwetu miaka mingi baadaye. Pete ya gia moja ikilika, gia hiyo husaga ukiingiza haraka. Mnaweza kuvumilia kwa muda: kanyaga, toa gia, achilia, kanyaga tena, ingiza. Hiyo inawapa nafasi ya kukusanya pesa bila kukopa kwa haraka, lakini dereva anayelazimisha gia kwa nguvu atakula na meno yenyewe.

Kelele zinazokuja gari likitembea zina mtego wake. Kwenye barabara tambarare isiyo na magari, kanyageni klachi na kutoa gia huku gari likiserereka kidogo, injini ikiwa inawaka (msiizime, breki na usukani vitakuwa vizito). Kama mvumo unaendelea vilevile na kupungua kadiri gari linavyopunguza mwendo, tatizo liko nyuma zaidi: difu, propela shafti au beringi ya gurudumu. Kwenye pikapu nyingi zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma kuna dalili nyingine nzuri. Gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja bila kutegemea ile shafti ya chini. Kwa hiyo gari likivuma katika ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha likanyamaza katika ya nne, tafuteni ubovu kwenye shafti ya chini na beringi zake.

Kabla ya yote hayo, oili. Giaboksi nyingi za pikapu hazina kijiti cha kupimia. Kuna nati ubavuni. Gari likiwa sawa chini, oili inatakiwa ifike kwenye mdomo wa tundu hilo. Asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Oili ikimwagwa, tazameni nati ya chini, nyingi zina sumaku: uji laini wa kijivu ni wa kawaida, vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho si vya kawaida, na hapo fundi akisema afungue, mkubalieni.

Tuseme neno kwa madereva pia. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Bungoma karibu 1,400, kwa hiyo gari lililojaa likitoka Bungoma linapanda. Dereva anayesafiri huku mguu umelala juu ya pedali, au anayeshikilia gari mlimani kwa klachi badala ya handbreki, anasaga beringi na diski ya wanakikundi wote. Wengi hufanya hivyo bila kujua, na hawajawahi kuambiwa.

Mkienda gereji, wawili waende, mmoja awe mwekahazina. Rekodini ile sauti kwa simu mapema, maana gari lina tabia ya kunyamaza mbele ya fundi. Mwelezeni kelele huja lini, mwacheni ajaribu mwenyewe, na mkubaliane kabla ya kazi kwamba spea za zamani mtapewa mikononi. Wa Kiminini bado wana zile raba zilizoliwa, zimefungwa kwenye karatasi ndani ya sanduku la kikundi pamoja na risiti.