"Dereva, Kushoto": Isimu ya Amri Ndani ya Kifaru

Utangulizi

Neno kifaru lina maana mbili katika Kiswahili, na sarufi ndiyo inayozitenga. Mnyama huchukua upatanisho wa A-WA: kifaru anakimbia. Gari la vita hufuata KI-VI: kifaru kinakwenda. Watu wa Meru wana sababu ya kuzijua maana zote mbili. Mnyama analindwa katika Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Gari nalo liko kwa jirani, Isiolo, iliko kambi ya Batalioni ya 78 ya Vifaru ya Jeshi la Kenya. Mfanano wa viumbe hawa wawili hauishii kwenye ngozi ngumu na uzito. Wote wawili wana nguvu nyingi na macho mafupi.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi kamanda na dereva wa kifaru wanavyofunzwa kusemezana. Aidha, inanuia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya mafunzo hayo ni suala la lugha, na kwa hivyo linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili kama linavyomhusu mwanajeshi.

Aonaye haendeshi, aendeshaye haoni

Tuchukue mfano wa Vickers Mark 3, kifaru ambacho Kenya ilikinunua kutoka Uingereza na kuanza kukipokea mwishoni mwa miaka ya 1970. Kinabeba watu wanne. Kamanda, mpiga mzinga na mpakiaji risasi wamo ndani ya mnara unaozunguka. Dereva yuko peke yake, mbele na chini, kwenye kiwiliwili cha gari. Anapofunga mlango wake wa chuma, huona kwa kioo cha periskopu tu: kipande chembamba cha njia kilicho mbele yake. Haoni ubavuni, wala haoni nyuma. Kamanda, aliye juu, ndiye anayeona. Lakini hana usukani wala breki. Kati ya jicho la mmoja na mkono wa mwingine pana kiungo kimoja tu, nacho ni neno. Gari lina uzito wa takriban tani 40, na mara nyingi askari wa miguu hutembea kandokando yake. Neno likipotea njiani, mtu anaweza kupoteza uhai.

Tatizo hili ni la tangu vifaru vilipozaliwa. Waingereza walipoviingiza vitani kwa mara ya kwanza, Septemba 1916 huko Ufaransa, kelele za injini zilizidi sauti ya mwanadamu, na wahudumu waliashiriana kwa mikono na kwa kugonga chuma. Mwaka 1918, katika shule ya vifaru ya Wamarekani iliyoongozwa na George Patton nchini Ufaransa, kamanda alimwamrisha dereva kwa mguu: teke la mgongoni lilimaanisha kwenda mbele, la bega la kulia kugeuka kulia, la bega la kushoto kugeuka kushoto, na la kichwani kusimama. Baadaye vilikuja vinasa sauti na visikilizio, teke likageuka kuwa neno.

Msomaji aliyesafiri kwa matatu kati ya Embu na Meru hatashangazwa na mateke hayo. Makanga naye ana msamiati wake wa mapigo: kofi moja juu ya bati husimamisha gari, mawili huliondoa. Dereva hageuki kutazama. Anaamini mkono asiouona. Huo ni mfumo wa ishara uliokamilika: ni michache, imekubaliwa na pande zote, na hakuna pigo lenye maana mbili.

Kanuni tano za amri

Kanuni ya kwanza ni kwamba jina la mpokeaji hutangulia: "Dereva, kushoto." Wote wanne husikilizana katika waya mmoja, na mpiga mzinga naye huambiwa kulia na kushoto. Pasipo jina, mnara unaweza kugeuka mahali pa gari. Isitoshe, kinasa sauti mara nyingi humeza silabi ya kwanza. Ni afadhali kimeze "de" ya dereva kuliko kumeza mwanzo wa amri yenyewe.

Ya pili ni kwamba kulia ni kulia kwa dereva. Taniboi anayeliongoza lori katika njia nyembamba ya shamba la majani chai analijua jambo hili. Akisimama mbele ya lori na kumtazama dereva, mkono wake wa kulia uko upande wa kushoto wa dereva. Katika kifaru hali ni hiyo hiyo: mnara ukigeuziwa nyuma, kulia kwa kamanda ni kushoto kwa gari. Kamanda hufunzwa kujivua mtazamo wake na kuvaa wa dereva kabla ya kutamka.

Ya tatu, amri iwe ya kuyakinisha, isiwe ya kukanusha. Hapa sarufi ya Kiswahili ina mtego wake. Ukanushi wetu hukaa mwanzoni mwa kitenzi: usigeuke, usisimame. Mwanzo ukimezwa na kelele, dereva husikia "geuke" au "simame", yaani kinyume kabisa cha alichoamriwa. Badala ya "usigeuke", kamanda na aseme "nyoosha".

Ya nne, neno moja liwe na kazi moja. Simama ni kukomesha mwendo, na pia ni kuinuka wima. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha hutuokoa. Vitani muktadha hauna nafasi. Sharti maana moja iteuliwe na nyingine ipewe neno jingine.

Ya tano, amri huitikiwa. "Dereva, kushoto." "Kushoto." Mwitikio huo humhakikishia kamanda kwamba kilichosikika ndicho kilichosemwa. Amri ya kugeuka nayo huendelea kutekelezwa mpaka ije ya kuikatiza: "Nyoosha."

Matamshi na makubaliano

Kuna wanaodhani kwamba lafudhi ndiyo adui wa mawasiliano ya namna hii. Ni kweli kwamba msemaji wa Kiembu huweza kutamka kulia kama "kuria". Hata hivyo, mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ku-LI-a, ku-SHO-to. Silabi "ku" inayofanana ndiyo dhaifu. Inayotofautiana ndiyo yenye nguvu. Iwe li au ri, haiwezi kudhaniwa kuwa sho. Hatari haimo katika lafudhi bali katika ukosefu wa makubaliano.

Historia inaunga mkono hoja hii. Kikosi cha KAR, kilichoundwa mwaka 1902, kilikusanya vijana wa makabila mengi na kutumia Kiswahili kilichorahisishwa, ambacho wataalamu Mungai Mutonya na Timothy Parsons walikichambua mwaka 2004 kwa jina la KiKAR. Wasanifu wa lugha wangekitoa makosa mengi ya upatanisho, lakini kiliwasemesha watu waliotoka mbalimbali. Nchini Tanzania, amri za gwaride hutolewa kwa Kiswahili hadi leo, na kila askari aijua "mguu sawa".

Hitimisho

Wazee wetu walimpa ndege mwenye mdomo mwekundu anayekaa mgongoni mwa kifaru jina la askari wa kifaru. Mwaka 2020, watafiti Roan Plotz na Wayne Linklater walichapisha matokeo ya uchunguzi wao nchini Afrika Kusini: faru weusi wasio na ndege hao walimtambua mtu anayewakaribia katika asilimia 23 tu ya majaribio, ilhali waliokuwa nao walimtambua kila mara. Ndege hamwendeshi kifaru. Hutoa mlio ambao kifaru anaujua, naye huutii papo hapo.

Hivyo basi, rejista ya amri si Kiswahili kilichopungua. Ni Kiswahili kilichopimwa, neno kwa neno, na kupimwa huko ni kazi ya mwanaisimu. Sisi tunaozoea kuhesabu mizani ya mashairi tuna ujuzi unaohitajika pale ambapo silabi moja iliyomezwa inaweza kumgharimu mtu maisha yake.