Ajira ya Umma ni Amana: Sheria ya 2002 na Hukumu ya Shafaa

Maimamu wa Kitangari, Newala na Masasi huombwa mara kwa mara kumwombea kijana kazi serikalini. Je, shafaa hii yajuzu?

Kwanza tutazame utaratibu wenyewe. Mageuzi ya utumishi yalianza 1991, zama za Rais Ali Hassan Mwinyi, lengo kubwa likiwa kupunguza watumishi. Aliyeugusa mlango wa kuingilia kazini ni Rais Benjamin Mkapa (1995–2005), mzaliwa wa Lupaso, Masasi. Sera ya 1999, kisha Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya 2002, zilitaka ajira iwe kwa ushindani wa wazi na kazi apewe mwenye sifa. Lakini waajiri, zikiwemo halmashauri, waliachiwa kuajiri wenyewe, na kwa maoni yetu hapo palibaki tundu: mwajiri akiwa jirani, maneno ya jamaa humfikia kabla ya barua ya mwombaji. Marekebisho ya 2007, zama za Rais Jakaya Kikwete, yaliunda Sekretarieti ya Ajira.

Mkapa alikuwa Mkristo na sheria yake si kitabu cha fiqhi. Hata hivyo, maana yake si ngeni kwetu. Surat An-Nisaa, aya ya 58, yaamrisha amana zifikishwe kwa wanaozistahiki. Ibn Taymiyya, katika As-Siyasa Ash-Shar'iyya, aliijengea aya hiyo mlango wa uteuzi wa watumishi, akaona kwamba kumwacha anayestahiki zaidi kwa sababu ya ujamaa, urafiki au kutoka mji mmoja ni khiyana. Vigezo vyake ni viwili, uwezo na uaminifu, navyo vimo katika Surat Al-Qasas, aya ya 26. Abu Dharr (r.a.) alikuwa mkweli na mchamungu, alipoomba madaraka, Mtume (s.a.w.) alimweleza kuwa ni dhaifu na kwamba jambo hilo ni amana. Uchamungu peke yake haukumpatia kazi.

Kwa hiyo imamu akiandika anayoyajua kweli kuhusu tabia ya kijana, huo ni ushahidi, na hauna ubaya. Akiomba kijana arukishwe usaili, anadhulumu haki ya asiyemjua, na sehemu ya dhambi ni yake (An-Nisaa, 85). Malalamiko ya Waislamu kuhusu ajira ni ya miaka mingi, na ni haki yasikilizwe. Lakini hayahalalishi upendeleo wa upande wetu.

Liko na la vyeti vya kughushi. Mwaka 2017, chini ya Rais John Magufuli, uhakiki ulitaja watumishi 9,932. Wanavyuoni wa zama hizi wamekhitalifiana kuhusu mishahara ya watu kama hao: wapo waliosema ni halali kwa aliyefanya kazi ipasavyo, naye atubie udanganyifu, wengine wamezuia, kwa kuwa mkataba ulijengwa juu ya uongo. Sisi twaelekea kauli ya pili, hasa katika kazi kama uuguzi, ambamo cheti ndicho dhamana ya uhai wa mgonjwa.