Mtoto hasemi? Usikimbilie kukata udata

Mama mmoja aliniletea mtoto wa miaka miwili na nusu akiwa na ombi moja tu: "Daktari, naomba umkate udata, maana hasemi." Bibi wa mtoto ndiye aliyeuona, na jirani akathibitisha.

Nilimtolea mtoto ulimi, naye akacheka na kunitolea wake hadi kwenye kidevu. Kisha nikasimama nyuma yake nikapiga makofi. Hakugeuka. Vipimo vya masikio vilionyesha kuwa hasikii vizuri, na familia ilikuwa imetumia karibu mwaka mzima kuuangalia ulimi.

Simama mbele ya kioo uinue ulimi wako. Utaona utando mwembamba unaouunganisha na sakafu ya kinywa. Sote tunao. Kwa baadhi ya watoto utando huo huzaliwa ukiwa mfupi, mnene au umeshika karibu sana na ncha, hivyo ulimi hauinuki wala hauvuki fizi. Mtoto akilia, ncha huingia ndani katikati na kuonekana kama kopa. Huo ndio udata. Makadirio mengi yanautaja kwa watoto 4 hadi 10 katika kila 100, wavulana wakiwa wengi zaidi, na mara nyingine huonekana katika ukoo.

Wengi wao hawahitaji kukatwa chochote. Ninachotaka kujua ni kama utando huo unamzuia mtoto kufanya jambo fulani.

Kwa kichanga, jambo hilo ni kunyonya. Anashika chuchu tupu badala ya kujaza kinywa kwa titi, anaachia kila mara, ulimi unatoa mlio kama wa kugonga, ananyonya saa nzima na bado ana njaa. Chuchu za mama zinapasuka, na akimaliza zimebanwa bapa. Uzito kwenye kadi ya kliniki haupandi. Hata hapo, kwanza mwombe muuguzi akuangalie unavyompakata na kumweka kwenye titi. Nimeona akina mama waliokuja na machozi wakaondoka wakitabasamu kwa sababu tu mtoto alisogezwa, tumbo lake likagusa la mama na kidevu kikazama kwenye titi.

Ikishindikana, tunakata. Kwa kichanga ni kazi ya muda mfupi sana: ulimi unainuliwa, utando unakatwa kwa mkasi uliotakaswa, yanatoka matone machache ya damu na mtoto ananyonyeshwa papo hapo. Kabla ya hapo tutakuuliza kama alipata sindano ya vitamini K alipozaliwa na kama kuna ndugu wanaotokwa damu isiyokata. Jibu ukweli, mama. Mtoto mkubwa huhitaji ganzi au dawa ya usingizi, na pengine nyuzi.

Wembe wa nyumbani sitaki hata kuusikia. Chini ya ulimi kuna mishipa ya damu na vijia vya mate, na kifaa kichafu huleta maambukizi, pamoja na pepopunda. Pia wapo wanaochanganya udata na kimeo. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya koo, hakihusiani na kusema, na kukikata kienyeji kumewaletea watoto kutokwa damu nyingi na hata kifo.

Na kusema? Udata mkali unaweza kumfanya mtoto atamke vibaya sauti kama "r", "l", "t" au "d". Lakini anasema, ila kwa makosa. Asiyesema kabisa ana sababu nyingine, na ya kwanza kupima ni usikivu. Usingoje kwa sababu baba yake naye alichelewa. Akifika mwaka bila kubwabwaja, miezi 18 bila neno lolote, au miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili kama "mama njoo", mlete.

Ukija, njoo na kadi ya kliniki. Kama ni kichanga, usimnyonyeshe akashiba njiani. Nataka kumwona akinyonya mbele yangu. Na bibi aje pia, ana maswali mazuri.