Mlima mmoja, lugha mbili: Kiarusha, Kirwa na fumbo la lahaja

MSAFIRI anayetoka Ngaramtoni, akapita katikati ya jiji la Arusha na kuendelea hadi Tengeru na Usa River, hamalizi hata kilomita 40. Hata hivyo, katika mwendo huo mfupi chini ya Mlima Meru huwa amevuka mpaka mkubwa wa lugha kuliko ule ambao angeuvuka kwa kusafiri kutoka Arusha hadi Afrika Kusini.

Dalili ya kwanza ni majina ya mahali. Upande wa magharibi wa mlima kuna Olmotonyi, Olkokola na Oldonyo Sambu. Upande wa mashariki kuna Nkoaranga, Nkoanrua na Nkoarisambu. Majina ya kundi la kwanza ni ya Kimaa, lugha ya Wamaasai, ambayo Waarusha huizungumza kwa lahaja yao. Majina ya kundi la pili ni ya Kirwa, lugha ya Wameru, ambao wenyewe hujiita Warwa. Jina la Wilaya ya Arumeru lenyewe liliundwa kwa kuunganisha Arusha na Meru.

Kiarusha ni lugha ya Kiniloti, na Kirwa ni ya Kibantu. Maana yake ni kwamba Kirwa kina undugu na Kiswahili, Kisukuma, Kishona na hata Kizulu, kwa mpangilio wake wa ngeli za majina na kwa mzizi wa maneno mengi. Kiarusha hakimo katika ukoo huo. Sentensi yake huanza na kitenzi, na mara nyingi mtenda na mtendwa hutofautishwa kwa kupanda na kushuka kwa sauti tu. Asiyezoea kusikia tofauti hiyo anaweza kukosea nani kamwona nani, simba au mtu.

Hivyo Mwarusha anayelima migomba jirani kabisa na Mmeru hawezi kuelewana naye mpaka mmoja wao ajifunze lugha ya mwenzake, au wote wawili wakimbilie Kiswahili. Lakini Mwarusha huyohuyo akikutana na Msamburu kutoka kaskazini mwa Kenya, mamia ya kilomita kutoka Mlima Meru, atatambua sehemu kubwa ya maneno yake, kwa kuwa Kisamburu nacho ni tawi la Kimaa.

Sababu iko katika historia. Warwa walifika kwenye miteremko ya mashariki karne kadhaa zilizopita, wakitokea upande wa magharibi wa Kilimanjaro. Waarusha walifuata miaka ya 1830, wakitokea Arusha Chini, kusini mwa Moshi, wakafyeka msitu wa upande wa magharibi na kuwa wakulima huku wakibaki na lugha ya wafugaji. Jirani hao wawili walipigana, wakaoana, na Wameru wakachukua utaratibu wa rika kutoka kwa Waarusha. Lugha haikuazimwa kwa wepisi huo.

Ikumbukwe pia kwamba Wameru wa Tanzania si Wameru wa Kenya. Jina ni moja, lakini Kimeru cha huko Mlima Kenya kimekaa karibu na Kikuyu na Kiembu, ilhali ndugu wa karibu wa Kirwa wako Machame na Siha.

Hapo ndipo fumbo linapoanza. Ukianzia Meru ukaelekea mashariki kuzunguka Kilimanjaro, utapita Siha, Machame, Kibosho, Old Moshi, Vunjo na kumalizia Rombo. Kila jamii huielewa ya jirani yake vizuri, na ile ya mbali kwa taabu. Hata neno la shukrani husikika “haika” sehemu moja na “aika” sehemu nyingine. Ncha za mnyororo huo, Meru na Rombo, zikikutana, Kiswahili ndicho huokoa mazungumzo. Mtaalamu wa isimu Derek Nurse, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1979, aliziweka lugha hizo zote katika kundi moja na kuziita lahaja za Kichaga, Kirwa kikiwa miongoni mwa zile za magharibi.

Kwa nini basi Kimachame kiitwe lahaja ya Kichaga, na Kirwa, ambacho kiko karibu na Kimachame kuliko Kirombo kilivyo, kiitwe lugha kamili? Jibu haliko kwenye sarufi. Wameru walikuwa na Mangi wao, ardhi yao na kesi yao. Walipohamishwa kwa nguvu Engare Nanyuki mwaka 1951 ili kuwapisha walowezi, Kirilo Japhet alikwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kuwasemea Wameru. Watu wenye kumbukumbu ya namna hiyo hawakubali kuitwa tawi la wengine, na hakuna mtaalamu mwenye kipimo cha kuwakatalia.

Uchina ni mfano wa kinyume chake. Huko jina ni moja, Kichina, lakini chini yake mna makundi makubwa ambayo wataalamu kwa kawaida huyahesabu kuwa saba: Kimandarini, Wu, Xiang, Gan, Hakka, Kikantoni na Min. Wengi wa wasemaji wa kundi moja hawaelewi kundi jingine.

Jambo hili linawagusa Watanzania. Tangu mwaka 2013, zilipofunguliwa Taasisi za Confucius katika Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanafunzi wengi wamejifunza Kichina, na wanachofundishwa ni Kimandarini sanifu. Wafanyabiashara nao, wakiwemo wa Arusha, kwa miaka mingi wamekuwa wakifuata bidhaa Guangzhou, na Guangzhou ni nyumbani kwa Kikantoni. Aliyejifunza kuhesabu darasani anajua kwamba moja ni “yi” na kumi ni “shi”. Mzee wa Guangzhou atamwambia “yat” na “sap”. Kula ni “chi” kwa Kimandarini na “sik” kwa Kikantoni. Hata yeye wa kwanza ni “ta” na wa pili ni “keoi”.

Tofauti hizo zina utaratibu wake. Kikantoni kimehifadhi sauti za p, t na k mwishoni mwa maneno, ambazo Kimandarini kilizipoteza karne nyingi zilizopita. Kimandarini kina toni nne za msingi, na Kikantoni kina sita. Katika Kimandarini, “ma” ikitamkwa kwa sauti tambarare ya juu ni mama, na ikitamkwa kwa sauti inayoshuka kisha kupanda ni farasi. Msemaji wa Kiswahili, ambacho hakina toni, huona jambo hili kuwa miujiza. Bibi wa Kiarusha au wa Kirwa asingeshangaa sana, maana lugha zote mbili za Mlima Meru zina toni.

Hata chai inayonywewa Kilombero kila asubuhi ina habari hii ndani yake. Kimandarini na Kikantoni husema “cha”, na neno hilo lilipita Uajemi kabla ya kufika pwani ya Afrika Mashariki. Wasemaji wa Min, katika bandari za Fujian, husema “te”, na Waholanzi walilichukua neno hilo kwa meli hadi Ulaya. Ndiyo maana Waingereza na Wafaransa hawasemi chai.

Kinachowaunganisha Wachina ni maandishi. Herufi zao hubeba maana zaidi kuliko sauti, kama tarakimu 3, ambayo mmoja huisoma tatu na Mmaasai huisoma okuni bila kubadili kilichoandikwa. Juu ya maandishi hayo kuna uamuzi wa serikali: mwaka 1956 iliagiza lugha sanifu yenye msingi wa matamshi ya Beijing ienezwe nchi nzima. Afrika Mashariki ilifanya jambo linalofanana mapema zaidi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya kukisimamia ikaanza kazi mwaka 1930. Watu wa Mombasa, wenye ushairi mkongwe wa Kimvita, hawakufurahi wote.

Uamuzi wa kuita usemi lugha au lahaja una matokeo yake. Kiarusha kimekubali kukaa ndani ya Kimaa, na kwa hiyo kinanufaika na kila kilichoandikwa kwa Kimaa: sarufi ya Tucker na Mpaayei ya mwaka 1955, kamusi, na Biblia nzima iliyotoka mwaka 1991. Kirwa kimebaki na jina lake na heshima yake, lakini rafu ya vitabu vyake ni fupi. Huko Kilimanjaro, wamisionari wa Kijerumani waliandika kila mmoja kwa usemi wa kituo chake. Johannes Raum alitoa sarufi ya Kichaga cha Moshi mwaka 1909, na Machame ikawa na maandishi yake. Kichaga kimoja cha kusomwa na wote, Warwa wakiwemo, hakikupatikana.

Wala usanifu si neema tupu. Mwaka 2010 wakazi wa Guangzhou waliandamana kupinga pendekezo la kupunguza Kikantoni kwenye televisheni yao na kuweka Kimandarini, kwa hofu kwamba watoto wao wangekisahau. Mjini Arusha hofu kama hiyo haijatoa watu barabarani. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilizitambua lugha za jamii kuwa hazina ya taifa, lakini shule hufundisha kwa Kiswahili na Kiingereza. Kijana aliyezaliwa kata ya Ngarenaro anaweza kumaliza sekondari bila kuambiwa kwamba jina la kata yake ni Kimaa na maana yake ni maji meusi.

Kirwa sasa husikika zaidi vijijini, kwenye vikao vya ukoo, misibani na shambani. Wanaokijua vizuri zaidi ni wazee, na maneno yao mengi kuhusu migomba, mifereji na mvua za mlimani bado hayajaandikwa popote.