Kitanda Kimoja, Wasomi Wawili

Aliyesoma Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hahitaji kufafanuliwa neno kubebana. Wewe ambaye hukupita huku: mmoja ana chumba, mwenzake hana, basi mnajibana kwenye kitanda cha mtu mmoja, mzungu wa nne, miguu yake usoni kwako mpaka alfajiri. Chuo kilianza Oktoba 1961 Mtaa wa Lumumba na wanafunzi wa sheria wasiofika ishirini. Sasa sisi ni maelfu.

Mwaka wa kwanza nilimbeba shoga yangu. Hela yake ya chumba ilikuwa imeishia kwenye ada ya mdogo wake. Hakukaa bure: alipika (kwa siri, msinichomee), alinisuka, na wakati wa mitihani aliniamsha saa kumi usiku tukasome.

Halafu nikapata bwana. Ana gari, jamani, na bumu langu lilikuwa limeshakata! Akija kunitembelea ananuna kumkuta mwenzangu na madaftari yake kitandani. "Hapa chumbani au stendi?" Nikamwambia shoga atafute pengine. Hakubisha. Alikunja shuka lake, sufuria akaisahau.

Bwana alidumu muhula mmoja. Shoga yangu amepanga Sinza, tukikutana darasani tunasalimiana tu.

Wiki iliyopita bumu limeingia, nikanunua mchele kilo mbili, nikampigia. "Sufuria yako ninayo. Njoo tupike."

Kimya. Kisha: "Yule bwana yupo?"

"Hayupo."

"Haya, nunua na nazi."